Benki, benchi na ukingo wa mto: jibu kwa mama wa Igombe

Mama mmoja wa Igombe, Mwanza, mweka hazina wa kikoba cha wauza dagaa, ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa kidato cha pili alipewa sentensi ya Kiingereza aitafsiri: 'The fishermen left their boat on the bank and walked to the bank.' Akaandika kwamba wavuvi waliacha mtumbwi benki wakatembea hadi benki. Amekosa. Mimi nilimtetea kwa sababu neno ni lile lile. Imekuwaje Waingereza wauite ukingo wa mto na nyumba ya fedha kwa jina moja? Kijiweni kuna mzee anasema benki imetokana na benchi, wenzake wanampinga. Neno hili lina maana ngapi, na mtoto atajuaje ipi ni ipi? Halafu mdogo wangu yuko London, ni fundi magari, anasema gereji yao hufungwa siku ya 'bank holiday'. Benki inahusiana nini na gereji?"

Marahaba, mama. Nianze na sentensi ya kijana ili arudi shuleni akiwa na jibu: "Wavuvi waliuacha mtumbwi wao ukingoni mwa mto, wakatembea hadi benki." Mwalimu wake alikuwa sahihi. Na yule mzee wa kijiweni mpeni haki yake, kwa maana amesema kweli. Benki na benchi ni ndugu wa damu, na ukingo wa mto, kwa Kiingereza, ni ndugu wa tatu. Walizaliwa nyumba moja, wakapotezana kwa mamia ya miaka, kisha wakakutana Uingereza kila mmoja akiwa na kazi yake.

Nyumba hiyo ni lugha ya zamani sana iliyozaa Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi, Kideni na Kiswidi. Haikuachwa kwenye maandishi. Wataalamu wameijenga upya kwa kulinganisha watoto wake, kama wanavyofanya kwa lugha zetu: ukiweka pamoja mtu ya Kiswahili, munhu ya Kisukuma na omuntu ya Kihaya, unaona wazi kwamba zamani kulikuwa na umbo moja lililozaa yote matatu. Kwa njia hiyo hiyo wamelifikia shina lililosikika karibu na "banki", na maana yake, kwa kadiri ya ushahidi wa lugha zilizobaki, ni kitu kirefu kilichoinuka: ubao wa kukalia uliokwenda na ukuta wa nyumba, au udongo ulioinuka ukaenda kwa urefu. Fikiria tuta la viazi shambani. Ni refu, limeinuka, na ukichoka unalikalia.

Tawi la kwanza lilibaki na kiti. Waingereza wa zamani walikuwa na neno "benc", na herufi yake ya mwisho ilitamkwa "ch". Sauti ya "k" iliteleza ikawa "ch", jambo ambalo hata kwetu limetokea: ki-akula kimekuwa chakula, ki-ombo kimekuwa chombo. Hilo ndilo "bench" la leo, nasi tukalichukua tukaongeza irabu mwishoni: benchi. Tumelifanya letu kabisa. Mchezaji asiyepangwa uwanja wa CCM Kirumba anasugua benchi, na kocha na wasaidizi wake ni benchi la ufundi. Waingereza nao huwaita mahakimu na majaji kwa neno hilo, kwa sababu ya pale wanapoketi.

Tawi la pili lilifika Uingereza kwa mashua. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 8 watu wa Skandinavia, Waviking, walivuka bahari kuvamia pwani za Uingereza. Mwaka 865 lilitua jeshi kubwa, na safari hiyo wengi wao hawakurudi kwao. Walilowea mashariki na kaskazini mwa nchi, wakalima, wakaoa, na lugha yao ikachanganyika na ya wenyeji mpaka kwenye maneno ya kila siku. Kiingereza kinapotaja yai, "egg", kisu, "knife", anga, "sky", na hata kinaposema "wao", yaani "they", kinatumia maneno ya wageni wale. Kwao shina letu lilikuwa limebaki na maana ya udongo ulioinuka. Waaisilandi hadi leo husema "bakki" kwa ukingo wa mto, na Waswidi husema "backe" kwa mteremko wa kilima. Katika maandishi ya Kiingereza neno hili, lenye maana ya ukingo au mwinuko wa ardhi, linaonekana mnamo mwaka 1200.

Kwa hiyo "bank" ya mto ni ile ardhi iliyoinuka pembeni na kuyazuia maji yasitoke. Mto Mirongo unapokatiza mjini Mwanza una "banks" mbili, ya kushoto na ya kulia. Wanajiografia wana kanuni moja hapa ambayo kijana ataikuta darasani: kushoto na kulia huhesabiwa ukiwa umetazama maji yanakoelekea. Ziwa ni jambo jingine. Mwingereza kwa kawaida hasemi "bank" ya Ziwa Victoria, husema "shore". Ndiyo maana katika tafsiri yangu nimeandika ukingo wa mto ingawa sentensi haikuutaja mto. Wavuvi wangekuwa wameuacha mtumbwi mwaloni Igombe au Kirumba, mtunzi asingetumia neno hilo. Nalisisitiza hili kwa sababu watoto wa kanda yetu wanaishi ziwani, na wakiambiwa "bank ni ukingo wa maji" wataliweka mahali lisipokaa.

Tawi la tatu ndilo lenye fedha, nalo lilizunguka mbali. Makabila yaliyosema lugha za jamii ile ya zamani yalishuka kusini wakati Dola ya Roma ilipokuwa imedhoofika. Walombardi waliingia Italia mwaka 568 wakatawala sehemu kubwa ya nchi kwa karne mbili, na jimbo la Lombardia linabeba jina lao hadi sasa. Waitalia walipokea maneno mengi kutoka kwa watu wa namna hiyo, na mojawapo ni "banco", au "banca": benchi, kisha meza ndefu ya biashara.

Hapa nakuomba usimame nami kidogo, kwa kuwa wewe ni mweka hazina na utaliona jambo hili kwa jicho la kazi. Italia ya karne ya 12 na ya 13 haikuwa nchi moja. Genoa ilikuwa na sarafu yake, Venice yake, Florence yake, na uzito wa fedha au dhahabu ndani ya kila sarafu ulitofautiana. Mfanyabiashara aliyetoka mji mmoja hakuweza kununua kitu mji wa pili kabla hajabadilisha. Basi sokoni walikaa watu wenye mizani, kila mmoja na meza yake mbele, wakipima, wakikagua, wakibadilisha. Meza ile ilikuwa ndiyo ofisi yote. Mteja akiogopa kusafiri na sarafu zake aliziacha kwa mwenye meza, akachukua hati ya kwenda kulipwa mji mwingine. Mwenye meza naye akaanza kuzikopesha zile alizoachiwa. Amana, mkopo na uhamisho wa fedha vyote vilifanyika juu ya ubao ule, na jina la ubao likawa jina la kazi. Kufikia mwaka 1397 ukoo wa Medici ulikuwa na benki yake Florence, na mwaka 1407 Genoa ikaanzisha taasisi ya San Giorgio, ambayo wengi huihesabu miongoni mwa benki za kwanza za umma barani Ulaya.

Wafaransa wakalichukua neno wakasema "banque", na mwishoni mwa karne ya 15 likaingia Kiingereza. Waitalia wenyewe walikuwa wameshafika London kukopesha wafalme na wafanyabiashara, na mtaa waliokaa unaitwa Lombard Street mpaka leo. Benki Kuu ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1694, na kufikia hapo hakuna aliyekumbuka meza. Neno lililokuwa limeondoka kaskazini kama kiti lilirudi kaskazini likiwa limebeba fedha, likamkuta ndugu yake aliyeletwa na Waviking amekaa kando ya mto. Wote wawili wakawa wanaandikwa na kutamkwa sawa.

Wajerumani wana ushahidi mzuri wa jambo hili. Kwao "Bank" ni benchi na "Bank" ni benki, neno moja kwa umoja. Wanayatenganisha kwa wingi tu, mabenchi yakiwa "Bänke" na mabenki yakiwa "Banken". Mwaka 1905 walifungua Dar es Salaam benki ya koloni lao, nao ndio waliotuachia neno shule. Benki hatukuichukua kwao, naona. Kiswahili kikipokea "a" ya Kiingereza ya namna ile mara nyingi huifanya "e": "bag" limekuwa begi, "match" limekuwa mechi, na "bank" limekuwa benki. Kutoka Kijerumani tungetarajia banki.

Ukishangaa jinsi udongo na fedha vinavyoweza kubebwa na neno moja, sikiliza Kiswahili chako mwenyewe. Sokoni Kirumba dagaa huuzwa kwa mafungu. Baharini mchanga ulioinuka chini ya maji huitwa fungu, na vyombo hukwama hapo. Bungeni fedha za wizara hupitishwa kwa mafungu ya bajeti. Dagaa, mchanga na fedha vimekaa katika neno moja, na hujawahi kumsikia mtu akivichanganya.

Hapa nina ugomvi na vitabu vingi vya isimu. Vikitaka mfano wa homonimia, yaani maneno mawili yasiyo na undugu yaliyogongana kwa sauti tu, hukimbilia "bank". Najua sababu: mzungumzaji wa leo haoni uhusiano wowote, na kamusi huziweka maana hizo katika vidahizo viwili, yaani kama maneno mawili tofauti, kwa kuwa ziliingia kwa milango miwili, mmoja wa Skandinavia na mwingine wa Italia. Lakini kumwambia mwanafunzi kwamba hayana undugu ni kumnyima historia ya kweli. Mfano unaofaa wanao: "bark", ganda la mti, na "bark", kubweka kwa mbwa. Hayo kweli hayajuani. La kwanza lililetwa na Waviking, la pili lilikuwapo Uingereza tangu zamani, na hakuna shina linaloyaunganisha.

Mzee wa kijiweni huenda ameshawaambia pia kwamba mwenye meza akishindwa kulipa, meza yake ilivunjwa hadharani. Simulizi hiyo inapendwa sana. Lenye uhakika ni neno lenyewe: Waitalia walisema "banca rotta", meza iliyovunjika, na Waingereza wakalifanya "bankrupt", wakilinyoosha lifanane na neno la Kilatini la kuvunjika. Sheria yao ya kwanza kuhusu waliofilisika ni ya mwaka 1542, enzi za Mfalme Henry wa Nane. Kuhusu iwapo shoka lilishushwa kweli juu ya mbao hizo, mimi sitegemei simulizi. "Rotta" kwa Kiitalia inaweza kuwa kuvunjika kwa biashara tu, kama nasi tunavyosema kikundi kimevunjika bila kushika nyundo.

Sisi tunasema kufilisika, na neno letu lina ukoo wake mzuri. Muflisi katika Kiarabu ni mtu aliyebakiwa na "fals", visarafu vya shaba visivyo na thamani, na wingi wake, "fulus", tunao katika fulusi. "Fals" nayo ilitokana na "follis", jina la sarafu ya Warumi, na kabla ya kuwa sarafu, "follis" kwa Kilatini ilikuwa mfuko. Waingereza wakivunjikiwa meza, sisi tunabaki na mfuko wa shaba.

Maana nyingine za "bank" ni nyingi, ila karibu zote zinatoka katika matawi haya. Wapiga makasia wa merikebu za zamani walikaa kwenye mabenchi yaliyopangwa safu, hivyo safu ya vitu vya aina moja ikaitwa "bank": safu ya swichi, safu ya lifti, safu ya taa. Ndege ikiinama upande mmoja ili ikate kona, rubani "banks", kwa kuwa imekuwa kama mteremko. Wingu zito la ukungu lililolala juu ya maji ni "fog bank". Na kuna moja ambayo akina mama wataipenda: "to bank a fire" ni kuyarundikia makaa majivu usiku ili moto usife na asubuhi usihangaike na kiberiti. Hapo ni rundo, ni tuta, si fedha. Karamu ya "banquet" ilianza kama kibenchi kidogo cha Waitalia. Kutoka upande wa fedha kuna "to bank on", kumtegemea mtu kama unavyotegemea akiba yako. Upo pia msamiati wa hospitali: mwaka 1937 daktari Bernard Fantus wa Hospitali ya Cook County, Chicago, alianzisha hazina ya damu iliyohifadhiwa akaiita "blood bank", kwa hoja kwamba damu huwekwa na kutolewa kama fedha. Kituo cha damu salama cha Kanda ya Ziwa kilichopo hapa Mwanza kinafanya kazi kwa wazo hilo, na watu wengi husema benki ya damu bila kujua kuwa jina hilo lilipewa damu na mtu mmoja, mwaka unaojulikana.

Na kikundi chako, mama, kimo humo. VICOBA ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya benki za jamii za vijijini, na ile "BA" ya mwisho ni "bank" iliyokatwa mkia. Mfumo wa vikundi vya namna hii ulianzia Niger mwaka 1991 kwa wanawake waliowekeza pamoja chini ya shirika la CARE, ukasambaa Afrika. Ulipofika kwetu ufupisho ukaangukia mahali pake sawasawa: ukaanza na "vi-", basi watu wakaupa umoja, kikoba, nacho kikafanana na mkoba mdogo. Nimewahi kusikia watu wakisema kwa uhakika kwamba kikoba kimetokana na mkoba. Chanzo si hicho, lakini naelewa kwa nini wanaamini. Na mnapoketi Jumamosi, sanduku la makufuli matatu mezani, hisa zinahesabiwa mbele ya wote, kazi mnayoifanya ingetambuliwa mara moja na mtu wa Genoa.

Sasa, mtoto atajuaje? Asikariri orodha. Orodha itamchosha na haitamsaidia siku ya mtihani, kwa sababu sentensi ya mtihani huja na majirani wapya. Mfundishe kuwatazama hao majirani. Wewe ukisikia maziwa mgando unajua ni ya kunywa, ukisikia Maziwa Makuu unajua ni Victoria, Tanganyika na Nyasa, wala hukufundishwa na mtu. Jirani wa neno ndiye aliyekuambia. Kwa "bank" aulize: kuna mtumbwi, maji, majani, mtu ameketi au amelala? Ni ukingo. Kuna akaunti, mkopo, meneja, foleni, kufunguliwa na kufungwa? Ni benki. Kihusishi kinasaidia pia: "on the bank" huelekea kwenye ukingo, "at the bank" au "in the bank" huelekea kwenye fedha. Sentensi yake ilikuwa na vyote viwili, mtumbwi kwanza na "walked to" baadaye, na mtunzi aliipanga hivyo makusudi.

Majina ya mahali yanahitaji uangalifu zaidi. Watangazaji wetu wamefanya vizuri kuiita "West Bank" Ukingo wa Magharibi, kwa kuwa jina linahusu ukingo wa magharibi wa Mto Yordani, wala halihusu benki ya fedha. "Grand Banks" karibu na Newfoundland, Kanada, ni jina ambalo mtoto wa mvuvi anapaswa kulijua. Ni mafungu makubwa ya chini ya bahari, maji yake si ya kina kirefu, na samaki aina ya chewa wa huko walivuliwa kwa karne nyingi mpaka wakakaribia kuisha, Kanada ikazuia uvuvi huo mwaka 1992. Akikutana na jina hilo kwenye kitabu cha jiografia akaandika Benki Kuu, somo zima limempita.

Limebaki la mdogo wako na gereji. Mwaka 1871 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoletwa na John Lubbock, mbunge ambaye mwenyewe alikuwa mwenye benki. Ilitaja siku nne za mwaka kwa Uingereza na tano kwa Scotland ambazo benki zitafungwa, na deni lililotakiwa kulipwa siku hiyo lingelipwa siku inayofuata bila mdaiwa kuhesabiwa kosa. Benki zikifungwa, biashara nyingi hazikuwa na cha kufanya, nazo zikafunga. Siku zikaongezeka na mapumziko yakaenea hadi kwa mafundi na wauza maduka. Waingereza hawakubadilisha jina. Akikuambia "bank holiday", kwa Kiswahili chetu ni sikukuu ya mapumziko tu.